Kipunji wa Rungwe na Ndundulu: Takwimu za vinasaba zasema nini kuhusu undugu wake na nyani?

KIMA aitwaye kipunji hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, na hata hapa nchini anaishi katika maeneo mawili tu. La kwanza ni misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone katika Nyanda za Juu Kusini, upande wa Mbeya. La pili ni msitu wa Ndundulu katika Milima ya Udzungwa, wilayani Kilolo, mkoani Iringa.

Maeneo hayo yametengana kwa umbali wa takriban kilomita 350, na kati yake hakuna msitu unaoyaunganisha.

Tangu alipotangazwa rasmi kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, mnyama huyo amebadilishiwa jina la kitaalamu, akashukiwa kuwa ni nyani tu, akadhaniwa kuwa chotara, na baadaye akarudishiwa heshima ya kuwa na jenasi yake peke yake. Sehemu kubwa ya mjadala huo ilitokana na kazi moja: kulinganisha mfuatano wa herufi za vinasaba, yaani DNA, na kupima kama mfanano unaoonekana una maana au umetokea kwa bahati.

Suala hilo si la majina pekee. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kuwa kulikuwa na kipunji 1,117 tu, katika eneo ambalo kwa jumla lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 17.69. Kati yao, 75 tu walikuwa Ndundulu. Mnyama mchache kiasi hicho akihesabiwa kuwa tawi la pekee la ukoo wake, hoja ya kumlinda huwa na uzito mkubwa. Akihesabiwa kuwa aina nyingine tu ya nyani, ambao wametapakaa sehemu kubwa ya Afrika, uzito huo unaweza kupungua.

Kwa sababu hiyo, namna wataalamu wanavyoamua kwamba mifuatano miwili ya vinasaba inafanana "kweli kweli" ni jambo linalogusa moja kwa moja misitu ya Mbeya na Iringa.

Jinsi alivyojulikana

Wanyakyusa waishio kandokando ya Mlima Rungwe walimfahamu mnyama huyo kabla ya wanasayansi, na jina la kipunji limetoka kwao. Mwaka 2003, watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport, waliokuwa wakifanya kazi katika Nyanda za Juu Kusini, walisikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa huko, na mwishoni mwa mwaka huo wakafanikiwa kumwona vizuri.

Mwaka uliofuata, 2004, kundi jingine la watafiti lililokuwa Udzungwa, akiwamo Trevor Jones, lilimwona kima wa aina hiyo hiyo katika msitu wa Ndundulu. Makundi hayo mawili yalikuwa yakifanya kazi bila kujua kwamba yanamfuatilia mnyama mmoja.

Mei 2005, pande zote mbili zilitoa taarifa ya pamoja katika jarida la Science. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Wakati huo hapakuwa na mzoga wala ngozi ya kipunji mikononi mwa wataalamu. Walitegemea picha, sauti na mwonekano wake: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, na mlio wa kubweka usiofanana na wa kima wengine.

Kwa kuangalia umbo hilo, walimweka katika jenasi ya Lophocebus, ambayo ni mojawapo ya makundi ya kima wanaoitwa mangabei.

Muda mfupi baadaye, kipunji dume ambaye hajakomaa alikufa kwa kunaswa na mtego uliotegwa shambani, chini ya Mlima Rungwe. Mzoga wake ukawa sampuli ya kwanza ya kipunji kufika maabara, na vinasaba vyake vikasomwa.

Matokeo yake hayakutarajiwa. Herufi za vinasaba vyake zilimsogeza karibu na nyani kuliko mangabei. Hata hivyo, fuvu lake halikuwa na pua ndefu kama ya nyani, na maisha yake ni ya juu ya miti, tofauti na nyani ambaye hutumia muda mwingi ardhini. Mwaka 2006, Davenport na wenzake walimpa jenasi mpya, Rungwecebus, jina lililotokana na Mlima Rungwe. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima aliye hai kutambuliwa barani Afrika tangu mwaka 1923.

Lugha ya herufi nne

Ili kuelewa uamuzi huo ulitokana na nini, ni vyema kufahamu kwanza jinsi vinasaba vinavyosomwa. Vinasaba vya kila kiumbe vimeandikwa kwa vipashio vya aina nne, ambavyo wataalamu huviwakilisha kwa herufi A, C, G na T. Kusoma vinasaba ni kupata mpangilio wa herufi hizo, moja baada ya nyingine.

Watafiti wanapokuwa na mifuatano miwili, kwa mfano wa kipunji na wa nyani, huipanga sambamba, mmoja juu ya mwingine, na kuangalia ni wapi herufi zinalingana na ni wapi zinatofautiana. Pale ambapo herufi imepotea au imeongezeka katika mmojawapo, huachwa pengo.

Kila ulinganifu hupewa pointi, na kila tofauti au pengo hukatwa pointi. Jumla yake ndiyo alama ya mfanano. Njia ya kutafuta mpangilio wenye alama ya juu kabisa ilitolewa na Saul Needleman na Christian Wunsch mwaka 1970, kwa ajili ya kulinganisha mifuatano mizima. Mwaka 1981, Temple Smith na Michael Waterman walionyesha namna ya kupata vipande tu vinavyofanana ndani ya mifuatano mirefu.

Lakini alama peke yake haisemi chochote. Kwa kuwa herufi ni nne tu, mifuatano miwili iliyoandikwa ovyo, ambayo kila herufi ina nafasi sawa, italingana katika takriban robo ya nafasi zake. Asilimia 25 ya ulinganifu, kwa hiyo, si dalili ya undugu wowote.

Bahati hupimwaje?

Wataalamu wa takwimu hugeuza swali. Badala ya kuuliza mifuatano hiyo inafanana kwa kiasi gani, huuliza: kama isingekuwa na uhusiano wowote, alama kubwa kama hii ingejitokeza mara ngapi kwa bahati tu?

Njia rahisi ya kujibu ni kuchanganya herufi za mfuatano mmoja ovyo, kama mtu anavyochanganya karata, kisha kuulinganisha tena na ule wa pili. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi. Iwapo alama ya mfuatano halisi inazidi sana alama zote zilizopatikana baada ya kuchanganya, basi mfanano huo hauwezi kuelezwa kwa bahati.

Jambo muhimu hapa ni kwamba kinacholinganishwa si alama ya wastani bali alama ya juu kabisa, kwa sababu kompyuta imetafuta mpangilio bora kuliko yote. Mtu akitaka kujua kama mwanafunzi mmoja ni mrefu kupita kiasi, na mwanafunzi huyo alichaguliwa kwa kuwa ndiye mrefu kuliko wote shuleni, hapaswi kumlinganisha na urefu wa wastani. Anapaswa kumlinganisha na wanafunzi warefu kuliko wote wa shule nyingine.

Mwaka 1990, Samuel Karlin na Stephen Altschul walitoa kanuni ya kihesabu inayoeleza tabia ya alama hizo za kilele bila kulazimika kuchanganya herufi kila mara. Mwaka huo huo, Altschul na wenzake walitangaza programu ya kompyuta iitwayo BLAST, ambayo hadi leo hutumika katika maabara duniani kote.

Ukubwa wa hazina hubadili hukumu

Programu hiyo hulinganisha mfuatano wa mtafiti na mamilioni ya mifuatano iliyohifadhiwa katika kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu ya kompyuta. Jibu lake huambatana na kipimo kinachoitwa thamani ya E. Kipimo hicho hutaja ni mifanano mingapi yenye alama kubwa kiasi hicho inayotarajiwa kujitokeza kwa bahati tupu katika hazina ya ukubwa huo.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Neno moja mahususi lenye herufi kumi ni moja kati ya maneno 1,048,576 yanayoweza kuandikwa kwa herufi nne. Katika hazina yenye herufi bilioni moja zilizopangwa ovyo, neno hilo litatarajiwa kuonekana zaidi ya mara 900. Kulikuta, basi, si habari.

Neno la herufi 20 ni jambo jingine. Ni moja kati ya maneno zaidi ya trilioni moja, na katika hazina ile ile hutarajiwa kuonekana chini ya mara moja katika hazina elfu moja za ukubwa huo. Kulikuta ni habari.

Thamani ya E hukokotolewa kwa mtindo huo huo. Urefu wa mfuatano unaotafutwa huzidishwa kwa ukubwa wa hazina, kisha hugawanywa kwa mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi kadiri ya alama, ambayo hupimwa kwa biti. Mfuatano wa herufi 500 ukitafutwa katika hazina ya herufi bilioni moja, alama ya biti 39 huleta thamani ya E inayokaribia 1, yaani mfanano mmoja wa namna hiyo unatarajiwa kwa bahati. Alama ya biti 60 huishusha hadi chini ya moja kwa milioni.

Funzo ni kwamba alama ile ile inaweza kuwa na maana katika hazina ndogo na ikakosa maana katika hazina kubwa. Mtu anayefanya ulinganisho mmoja na kuweka kiwango cha makosa cha asilimia 5 ana nafasi ndogo ya kudanganyika. Anayefanya ulinganisho 20 kwa kiwango hicho hicho atarajie kudanganyika mara moja.

Aidha, si kila herufi zinazolingana zina uzito sawa. Mjini Tukuyu, watu wawili wenye majina ya ukoo yanayoanza na "Mwa" hawawezi kuhesabiwa ndugu wa karibu kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa majina ya namna hiyo ni mengi miongoni mwa Wanyakyusa. Vivyo hivyo, vinasaba vina sehemu zenye herufi zinazojirudia-rudia, na sehemu hizo hufanana hata kwa viumbe wasiohusiana kwa karibu. Programu za kulinganisha huzifunika ili zisipandishe alama isivyo halali.

Kutoka mfanano hadi mti wa ukoo

Kwa kipunji na nyani, swali la bahati halikuwa na ugumu. Wote ni kima wa Afrika wenye babu mmoja, na vinasaba vyao vinafanana kwa kiwango ambacho bahati haiwezi kukieleza. Kipunji pia anafanana na mangabei kwa kiwango hicho, na hata na binadamu. Kwa hiyo, thamani ya E haikuweza kumaliza ubishi.

Swali lililobaki lilikuwa la daraja la pili: kati ya ndugu wote hao, ni yupi aliye karibu zaidi, na uhakika wa jibu hilo ni kiasi gani? Hapo watafiti huchora mti wa ukoo, ambao matawi yake hupangwa kulingana na tofauti za herufi.

Uimara wa kila tawi hupimwa kwa njia iliyopendekezwa na Joseph Felsenstein mwaka 1985, ambayo inaweza kuitwa kuchota upya. Ichukuliwe kwamba kuna mfuko wenye punje 1,000 za maharage, kila punje ikiwa ni nafasi moja katika mpangilio wa herufi. Mtu anachota punje moja, anaiandika, anairudisha mfukoni, kisha anachota tena hadi afikishe michoto 1,000. Baadhi ya punje zitachotwa mara mbili au tatu, na kwa wastani asilimia 37 hazitachotwa kabisa.

Kutokana na michoto hiyo, mti mpya huchorwa. Zoezi hurudiwa mara mamia au maelfu, kisha huhesabiwa ni miti mingapi iliyolirudisha tawi linalochunguzwa. Tawi linalojitokeza katika miti 98 kati ya 100 linategemewa kuliko lile linalojitokeza katika 55. Miti inayoshindana pia hupimwa ana kwa ana, ili kuona kama mmoja unaeleza herufi vizuri kuliko mwingine kwa tofauti isiyoweza kuwa ya bahati.

Nyani wa jirani walipoongezwa

Mwaka 2009, makundi mawili ya watafiti nje ya lile la awali yaliurudia uchunguzi. Moja lilikuwa la Andrew Burrell na wenzake, na jingine la Dietmar Zinner na wenzake. Tofauti kubwa ya kazi zao ni kwamba waliingiza nyani wengi zaidi, kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, katika ulinganisho wa vinasaba vya mitokondria.

Mitokondria ni vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu. Vina vinasaba vyake vyenyewe, takriban herufi 16,500 kwa wanyama wanyonyeshao, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake.

Nyani wa jirani walipoongezwa, mti ulibadilika. Kipunji wa Rungwe hakuonekana tena kuwa tawi lililosimama kando ya nyani. Alionekana ndani ya kundi la nyani wenyewe, karibu na nyani wa manjano wa kusini. Zinner na wenzake waliipa makala yao kichwa kilichouliza kama jenasi hiyo mpya si nyani. Burrell na wenzake walieleza kuwa huenda asili ya kipunji ni uchotara.

Badiliko hilo lilionyesha jambo ambalo asilimia za uhakika hazilionyeshi. Mti wa ukoo huweza kuwapanga wale tu waliowekwa mezani. Kama ndugu wa karibu zaidi hayumo katika ulinganisho, mahesabu hayatamtaja, hata yakiwa sahihi.

Herufi nyingi, shahidi mmoja

Lilikuwapo pia tatizo la pili, nalo lilikuwa zito zaidi. Vinasaba vya mitokondria havigawanyiki wala havichanganyiki na vya baba. Hurithiwa vyote kwa pamoja, kama barua iliyonakiliwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti kwa vizazi vingi.

Kwa sababu hiyo, maelfu ya herufi zake si maelfu ya mashahidi. Ni shahidi mmoja anayezungumza kwa kirefu. Kuchota upya hupima kama shahidi huyo anaeleweka, lakini hakuwezi kupima kama anachosema kinahusu ukoo mzima au mstari wa mama mmoja tu.

Wataalamu wanalifafanua hilo kwa mfano huu. Iwapo dume la kipunji litazaa na jike la nyani, binti yao atakuwa na nusu ya vinasaba vya kiini kutoka kila upande, lakini mitokondria zake zote zitakuwa za nyani. Binti huyo akizaa na kipunji, na mabinti wa kizazi chake wakaendelea kuzaa na kipunji, sehemu ya nyani katika kiini hupungua kwa nusu kila kizazi. Ikifika kizazi cha kumi, inabaki kwa wastani sehemu moja kati ya 1,024. Mitokondria zinabaki za nyani kama siku ya kwanza.

Mnyama wa namna hiyo ana umbo, sauti na maisha ya kipunji. Akichunguzwa kwa mitokondria peke yake ataitwa nyani, na takwimu zitaunga mkono jina hilo kwa uhakika mkubwa.

Ushahidi wa Ndundulu

Ili kutatua ubishi huo, hapakuhitajika herufi zaidi kutoka kwa kipunji wa Rungwe. Alihitajika shahidi mwingine, na shahidi huyo alikuwa Iringa.

Mwaka 2010, Trina Roberts na wenzake, wakiwamo Davenport na Jones, walichapisha matokeo ya vinasaba vya mitokondria vya kipunji wa Ndundulu. Vilikuwa tofauti na vya Rungwe. Havikuingia ndani ya kundi la nyani. Vilisimama nje, kwenye shina, kabla ya nyani wa aina zote kutengana.

Watafiti hao walihitimisha kwamba kipunji ni ndugu wa nyani na si nyani, na kwamba anastahili kubaki na jenasi yake. Kwa maelezo yao, kipunji wa Nyanda za Juu Kusini walipokea mitokondria za nyani kutokana na kuzaliana kulikotokea upande huo tu, ilhali wale wa Ndundulu walibaki na mitokondria za asili.

Mwaka 2018, Zinner, akishirikiana na Idrissa Chuma, Sascha Knauf na Christian Roos, aliongeza sura nyingine. Walipochunguza nyani wa manjano wa Milima ya Udzungwa, waliwakuta wakiwa na mitokondria zinazofanana na za kipunji wa Ndundulu. Huko, kwa mujibu wa utafiti huo, mambo yalikwenda kinyume na Rungwe: vinasaba vya upande wa mama vilitoka kwa kipunji vikaingia kwa nyani.

Kwa hiyo mfanano kati ya kipunji na nyani upo Mbeya na upo Iringa, na katika pande zote mbili ni mkubwa kupita uwezo wa bahati. Lakini Rungwe mama alikuwa nyani, na Udzungwa mama alikuwa kipunji. Namba za uhakika ni za aina moja, historia ni mbili.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na mkasa huo, msomaji anayekutana na taarifa ya kwamba vinasaba vya viumbe wawili vinafanana "kwa uhakika wa kitakwimu" anaweza kuuliza maswali machache ya msingi.

Kwanza, ulinganisho ulifanywa na nani na nani? Kipunji wa mwaka 2006 na yule wa mwaka 2009 ni mnyama yule yule, waliobadilika ni nyani waliowekwa pembeni yake.

Pili, sampuli zilitoka kwa wanyama wangapi na maeneo mangapi? Mnyama mmoja aliyesomwa herufi nyingi bado ni mnyama mmoja.

Tatu, ni sehemu gani ya vinasaba iliyosomwa? Mitokondria husimulia habari za mama. Kromosomu ya Y husimulia za baba. Vinasaba vingine vya kiini vina mistari mingi ya urithi, na sehemu zake tofauti zinapokubaliana ndipo hukumu huwa na nguvu.

Nne, je, kilichosomwa ndicho kilichokusudiwa? Katika kiini cha seli huwamo nakala za zamani za vipande vya mitokondria ambazo hazifanyi kazi tena. Zikisomwa kwa makosa, au sampuli ikichafuliwa na vinasaba vya mnyama mwingine, alama ya mfanano itapanda bila sababu ya undugu.

Tano, uhakika uliotajwa unahusu nini? Thamani ndogo ya E hukanusha bahati. Asilimia kubwa ya kuchota upya huthibitisha kwamba herufi zilizosomwa zinaelekeza upande mmoja. Hakuna kati ya hizo inayoeleza kama mfanano ulitokana na babu mmoja au na kuzaliana kwa baadaye.

Maana yake kwa uhifadhi

Kwa misitu ya Mbeya na Iringa, matokeo hayo yana uzito wa vitendo. Kama mitokondria za asili za kipunji zimebaki upande wa Udzungwa, basi kundi dogo la Ndundulu, lililohesabiwa kuwa na wanyama 75 mwaka 2008, limebeba sehemu ya urithi ambayo haijaonekana katika kundi kubwa la Rungwe na Livingstone. Kundi kubwa haliwezi kuchukua nafasi ya kundi dogo, hata kama wanyama wenyewe kwa macho ni wa aina moja.

Mwaka 2008, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, lilimweka kipunji katika daraja la wanyama walio hatarini zaidi kutoweka. Vitisho vilivyotajwa ni ukataji miti, uchomaji mkaa, uwindaji, na kuharibika kwa ushoroba wa Bujingijila unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone.

Hatua kadhaa zimechukuliwa tangu wakati huo na kabla yake. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayojumuisha msitu wa Livingstone, ilianzishwa mwaka 2005. Sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Makete, iliyokuwa mkoani Iringa kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Msitu wa Ndundulu uliingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero mwaka 2007, na Mlima Rungwe ulipewa hadhi kama hiyo mwaka 2009. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kuwa idadi ya kipunji imepanda.

Ongezeko hilo, hata hivyo, halifuti umbali wa kilomita 350 ulio kati ya makundi hayo mawili. Kipunji akitoweka Ndundulu, wa Rungwe hawawezi kufika huko, na hata wangefikishwa na binadamu, wangekwenda na mitokondria za nyani. Historia ambayo watafiti waliisoma kwa kulinganisha misitu miwili ingebaki na msitu mmoja wa kuisimulia.